Kituo cha Daladala Kina Wenyewe: Jinsi ya Kukipamba Kikadumu

Watu wengi wananiuliza tulifanyaje kile kituo chetu cha daladala cha huku Temeke mpaka kikapata mchoro unaodumu vile, wengine wanadhani tulipewa hela na mfadhili, hapana, hela ilikuwa ndogo na ilitoka kwa watu wa hapo hapo. Kilichotusaidia zaidi ni kwamba mara ya kwanza tulifeli vibaya. Acha nianze na hiyo aibu maana ukiijua umeshajua nusu ya mwongozo.

Mara ya kwanza tulikuwa vijana sita tu, tukajichanga, Jumamosi tukanunua rangi, Jumapili tukaamka alfajiri tukachora simba mkubwa na jua linazama nyuma yake, tukapiga picha, tukaposti, likes kibao, tukaenda kulala tukijiona wasanii. Wiki ya pili mtu kabandika tangazo la mganga kwenye jicho la simba. Masika ilipoingia rangi ikaanza kutoa mapovu, afu ikabanduka vipande vipande kama ganda la kitunguu. Kilichoniuma sio mvua, ni kwamba hakuna mtu hata mmoja pale kituoni aliyesema kitu, konda anaegemea na kiatu, mama wa maandazi anaegesha ndoo yake ya maji machafu hapo hapo kwenye miguu ya simba. Nikamuuliza, mama mbona hivi? Akanijibu taratibu tu, "Mwanangu, mlikuja asubuhi mkapaka mkaondoka, sisi tukajua ni tangazo la kampuni." Na kijana mmoja wa bodaboda akadakia, "Afu bro, mmetuchorea Simba, hapa nusu ya kijiwe ni Yanga." Jamani!

Kwahiyo hapa naandika tulivyofanya mara ya pili, ile iliyodumu.

HATUA YA 1: KAA KITUONI KABLA HUJANUNUA HATA BRASHI

Chukua siku tatu au nne, nenda saa tofauti tofauti. Saa 12 asubuhi kituo ni vita, saa 8 mchana kuna wazee wawili na mtoto wa shule anasinzia, saa 1 usiku ni giza na watu wanasimama mbali na banda kabisa kwa sababu wanaogopa kukabwa. Hivyo ni vituo vitatu tofauti kwenye ukuta mmoja. Angalia jua linapiga upande gani mchana, gari zikipita kwenye dimbwi tope linarukia mpaka urefu gani ukutani, watu wanaegemea wapi, vichwa vyenye mafuta ya nywele vinaacha doa wapi, na samahani lakini lazima niseme, nyuma ya kituo wanaume wanakojoa kona ipi. Andika yote kwenye simu. Haya ndo yatakuambia rangi gani iende wapi, sio mtandao.

Halafu wajue wenyewe. Kituo kina wenyewe jamani, asikwambie mtu ni mali ya umma basi hakina mtu. Kuna wapiga debe, kuna kijiwe cha boda na bajaji, kuna mama ntilie, kuna fundi viatu ambaye amekaa pale miaka mingi kuliko hilo banda lenyewe, kuna muuza vocha na karanga. Hawa ndo watalinda mchoro wako au watauacha ufe. Usiende na fomu wala usiende na kikao cha kuita watu, nenda kanywe chai. Agiza chapati, kaa, salimia wazee shikamoo zao, baada ya siku mbili uliza tu, hivi hiki kituo mngependa kiweje? Mimi nilitegemea waseme wanyama, maua. Jibu la kwanza nililopata ni "Paa linavuja." La pili, "Taa." La tatu ndo picha. Tukaziba paa kwanza, bati mbili na misumari ya kofia, na kuanzia siku hiyo mambo yakawa mepesi ajabu, watu wakaanza kutuita vijana wetu.

HATUA YA 2: KIBALI, NA HAPA UWE NA SUBIRA

Hapa sina maneno matamu. Anzia serikali ya mtaa, mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, ukishapata barua yao yenye muhuri unapanda nayo kwa mtendaji wa kata, halafu manispaa. Manispaa kuna afisa utamaduni, muone huyo mapema maana ndo anayeelewa lugha yako, mhandisi yeye anataka kujua tu kama unagusa nguzo.

Pia ujue barabara ni ya nani, maana kituo kimekaa ndani ya hifadhi ya barabara. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, za mitaani na za wilaya ni za TARURA. Ukipeleka barua kwa asiyehusika itakaa mezani mpaka karatasi iwe ya njano, yetu ilikaa ofisi moja wiki tano halafu tukaambiwa sio hapa. Na vituo vya mwendokasi usiviguse kabisa, vile vina wakala wake na taratibu zake.

Kingine ambacho watu wanasahau, mabanda mengi mjini yalijengwa na kampuni za matangazo kwa mkataba. Ukiona banda lina fremu ya bango basi uliza kwanza, usije ukapaka jioni asubuhi wakaja na kijana mwenye rola.

Barua iwe ukurasa mmoja. Weka picha ya kituo kilivyo sasa, mchoro mdogo wa mnachotaka, tarehe za kazi, majina ya wasimamizi wawili na namba zao, na mstari mmoja unaosema nani atatunza baadaye. Huo mstari wa mwisho ndo wanaoutafuta, maana wameshachoka na miradi ya siku moja.

HATUA YA 3: PICHA YENYEWE

Sasa tumefika kwenye utamu.

Ukiwa umekwama hujui uchore nini, anza na jina la kituo. Dar tumebarikiwa majina ya vituo ambayo ni picha tayari: Mwembechai, Mkwajuni, Mbuyuni, Magomeni Mapipa, na Mbagala kuna Rangi Tatu, yaani kituo kinaitwa Rangi Tatu afu kina kuta za kijivu, mnataka niseme nini! Huko Japani, eneo la Konagai mkoa wa Nagasaki, wana vituo vya basi vyenye umbo la matunda kabisa, stroberi, tikiti, chungwa, viliwekwa kwa ajili ya maonyesho ya utalii ya mwaka 1990 na mpaka leo watu wanasafiri kwenda kuvipiga picha. Sisi maembe na mikwaju iko kwenye jina lenyewe, hatujaifanyia kitu. Ukiuliza wazee kwa nini pakaitwa hivyo utapata hadithi tatu zinazopingana, zote nzuri, chora zote.

Mpangilio sasa. Hapa nawapa siri yetu ambayo ilitoka kwa mama mmoja muuza vitenge, tulikuwa tunabishana picha ikae wapi maneno yakae wapi, yeye akasema tu, "Si mfanye kama kanga." Kanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno ya chini. Banda la kituo ni hivyo hivyo. Pindo ni ule ukanda wa kuzunguka kuta zote tatu, ndo unaoshika picha pamoja na ndo unaochafuka zaidi, kwahiyo ufanye wa maumbo ya kurudiarudia, korosho, nukta, majani, vitu ambavyo mtu yeyote anaweza kuvipaka upya bila kuwa msanii. Mji ni ukuta wa nyuma, picha kubwa moja. Moja tu! Anayepita kwenye daladala ana sekunde nne, ukimwekea vitu kumi na tano haoni hata kimoja. Jina ni maneno mafupi kwa herufi kubwa, juu ya benchi pale ambapo mtu akikaa kichwa chake hakiyafuniki.

Kuhusu maneno jiandae na ugomvi. Wazee wetu walitaka HARAKA HARAKA HAINA BARAKA, makonda wakakataa kabisa, wanasema hapo tunasemwa sisi. Kuna dada akapendekeza SUBIRA YAVUTA HERI, abiria wakacheka, mtu amesimama saa nzima gari hamna afu unamwandikia subira, hiyo si kejeli? Tukamalizia na KAWIA UFIKE, kila upande ukaona unasemwa mwenzake, ikapita bila kura.

Staili ni juu yenu ila mimi napenda jinsi Tingatinga inavyofanya kazi kwenye ukuta wa barabarani. Mzee Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya 60 hapa hapa Dar, anapaka kwenye vibao kwa rangi za kawaida za dukani, zile za kung'aa, alifariki mwaka 1972 lakini wanafunzi wake waliendeleza na mpaka leo wapo pale Oysterbay. Usuli, yaani ile nyuma ya picha, wa rangi moja, mnyama au mtu mmoja mkubwa, mistari iliyokoza kuzunguka, nukta nukta. Inaonekana mbali na haihitaji vivuli vya kitaalamu. Kama mnataka vijana wa grafiti au wasanii wa kisasa zaidi, pita Nafasi Art Space kule Mikocheni uulize, utaunganishwa. Na msanii mlipeni, hata kama ni kidogo mkubaliane mapema, kumwambia mtu utapata jina sio malipo, jina halinunui unga.

Vitu vya kuepuka, haraka haraka: sura za viongozi, nembo za vyama, chochote cha dini moja, picha ya mtu mliyoitoa mtandaoni bila ruhusa, na nembo ya mfadhili kubwa kuliko mchoro. Na rangi za timu! Ukuta wote ukiwa nyekundu na nyeupe umeshachukiwa na nusu ya mtaa, ukiwa kijani na njano hapo umeingia kwenye mpira na siasa kwa mpigo. Changanya, weka bluu, weka rangi ya udongo. Jambo moja zuri tulilofanya, tulichukua rangi za ile mikanda ya pembeni ya daladala zinazopita pale tukaziweka kwenye pindo pamoja na mshale wa upande gari linaposimama, bibi ambaye hasomi anajua akae upande gani. Jina la kituo lenyewe andika kubwa pande zote mbili ambazo dereva anaona, na usifunike kibao chochote cha barabarani.

HATUA YA 4: PIMA, USIKADIRIE KWA MACHO

Mara ya kwanza tulinunua rangi kwa kukisia, ikaisha kati, tuliyoongeza ikawa sio ile ile. Pima kwa tepu. Mfano kituo chetu: ukuta wa nyuma ni mita 4 kwa 2.4, hiyo ni 9.6 za mraba. Kuta mbili za ubavuni kila moja mita 1.5 kwa 2.4, zote pamoja 7.2. Jumla ndani 16.8, na nje tena 16.8, inakuwa 33.6. Lita moja kwenye ukuta laini inaenda mita za mraba 10 mpaka 12, kwenye lipu yenye mkwaruzo inaenda 6 mpaka 8 tu. Gawanya kwa 8, mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, ni lita 4.2, mikono miwili 8.4, kwahiyo ukichukua lita 10 za rangi ya usuli una akiba. Praima, ile rangi ya chini ya kushikisha, mkono mmoja, lita 5 zinatosha.

Kwa picha yenyewe usinunue rangi ishirini. Nunua nyeupe nyingi, halafu njano, nyekundu, bluu, nyeusi, na ile nyekundu ya tofali, mengine changanya kwenye makopo ya maziwa. Nyekundu kali na njano za bei rahisi jua la huku linazifuta haraka sana, nyekundu ya tofali na rangi za udongo zinavumilia, hivyo sehemu inayopigwa na jua la mchana tumia hizo.

Hela zilipatikanaje? Daftari moja kwa mama ntilie, kila aliyetoa anaandikwa, hata mia tano. Kijiwe cha boda kilichanga siku moja kwa mkupuo. Duka la vifaa vya ujenzi lilitupa mabaki ya rangi makopo manne yaliyokuwa yanakaukia stoo. Hesabu tukaibandika pale kituoni kila Jumatatu, risiti na zenyewe, hilo lilinyamazisha maneno mengi.

HATUA YA 5: UKUTA. HAPA NDO KAZI ILIPO

Hatua hii wengi wanaruka kwa sababu haina picha ya kuposti. Ukuta wetu wa pili ulichukua siku tatu kuandaa na siku mbili kuchora.

Jaribu rangi ya zamani kwanza. Chana alama ya X kwa wembe, bandika tepu ngumu juu yake, kandamiza, ivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi basi hiyo rangi ya zamani lazima ikwanguliwe yote, hakuna njia ya mkato, rangi mpya inashika rangi ya zamani sio ukuta. Pitisha na kiganja pia, mkono ukitoka na unga mweupe kama chaki, osha kwa maji na brashi ngumu mpaka unga uishe.

Unyevu je? Bandika kipande cha nailoni nusu mita kwa nusu mita ukutani, ziba kingo zote kwa tepu, kiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone ndani ukuta una maji, tafuta yanatoka wapi kwanza, mara nyingi ni paa au udongo uliorundikana nyuma. Mapovu ya yule simba wetu yalitoka hapo. Kama mmepiga lipu mpya ipeni wiki nne kabla ya rangi, najua mna haraka, ipeni tu.

Ule weusi na ukijani wa fangasi usipake juu yake utarudi. Changanya Jiki sehemu moja na maji sehemu tatu, paka, acha dakika 15 hadi 20, sugua, suuza sana. Vaa glavu, na usichanganye Jiki na siki wala dawa kali ya choo, inatoa gesi mbaya ya kuua kabisa. Kama mko karibu na bahari osha na maji yasiyo na chumvi hata kama ukuta unaonekana msafi, kuna chumvi. Ile kona ya wakojoaji osha mara tatu siku tatu tofauti, na utashukuru ukivaa barakoa.

Kukwangua na kupiga msasa, lowesha maji. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi ndani yake, vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto, kwahiyo watoto wasiwepo siku hiyo na yale makwangua yakusanyeni kwenye mfuko, msiyafagilie mtaroni. Rangi mpya nayo someni kopo, chukueni iliyoandikwa haina risasi.

Nyufa ziba kwa saruji au pati ya nje, ikikauka msasa kidogo, halafu praima.

Chuma ni habari nyingine. Nguzo zenye kutu: brashi ya waya, msasa, futa na tina ya rangi, halafu redi oksaidi, praima ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo kabla unyevu wa usiku haujaingia, kesho yake ndo rangi ya mafuta. Bati jipya la kung'aa usilipake rangi ya mafuta moja kwa moja, zinki yake inapigana na mafuta ya rangi, kwa chini inageuka kama sabuni halafu yote inabanduka kwa pamoja kama karatasi. Lioshe kwa sabuni, lifute na siki, suuza, paka praima ya mabati au rangi ya maji ya nje iliyo nzuri.

Kanuni ya kukumbuka: rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa haishiki mpaka upige msasa mng'aro wote uishe. Sisi kuta tulitumia rangi ya maji ya nje kwa picha yote, isipokuwa ukanda wa chini sentimita 60, ule tulipaka rangi ya mafuta ya rangi iliyokoza, kama wanavyofanya madarasani, kwa sababu ya tope na viatu, unafutika kwa tambara.

HATUA YA 6: SIKU YA KUCHORA

Chagua kiangazi, Juni mpaka Septemba ndo mwake kwa Dar. Jumapili kituo kinapumua, tumia hiyo. Anza saa 12 asubuhi mpaka kama saa 4 au 5, jua likiwa kali pumzikeni maana rangi inakauka juu kabla haijashika chini, mrudi saa 10 jioni. Fanyeni nusu kwa nusu, upande mmoja unapakwa, upande mwingine abiria wanakaa. Kituo hakifungwi hata saa moja, ukikifunga umeshageuka adui.

Usalama sio utani, barabara iko mita mbili kutoka kwenye mgongo wako. Vizibao vya kung'aa, kamba, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia magari tu, hashiki brashi. Sisi alikuwa mpiga debe mmoja, sauti anayo. Watoto wapake upande wa nyuma wa banda, mbali na lami, rangi ya maji tu.

Kuhamisha picha kutoka karatasini kwenda ukutani msiogope. Chora kwenye karatasi ya A3, ukuta wa mita 4 kwa 2.4 unakuwa sentimita 40 kwa 24. Gawanya karatasi miraba ya sentimita 2, ukutani piga miraba ya sentimita 20 kwa uzi wa fundi uliopakwa chaki, utapata miraba 20 kwa 12, jumla 240. Weka namba juu na herufi pembeni. Sasa kila mtu anachora kilichomo kwenye mraba wake, konda anapewa F7, mwanafunzi G7, hakuna anayehitaji kujua kuchora, anahitaji kuona mstari unaingilia wapi na unatokea wapi. Msanii anapita nyuma anarekebisha. Hapa ndo uchawi ulipo jamani, tulikuwa na watu arobaini na kitu walioshika brashi siku hiyo, kuna abiria alishuka kwenye gari la Gongo la Mboto akachora sikio la punda akapanda gari jingine, na mpaka leo akipita anatoa kichwa dirishani anapiga kelele "sikio langu!"

Andika namba ndogo ya rangi ndani ya kila umbo, 1 bluu, 2 njano, hivyo hivyo. Paka usuli kwanza, halafu maumbo makubwa, halafu madogo, mistari myeusi mwisho kabisa na iachiwe watu wawili wenye mkono mtulivu. Siku mbili baadaye pigeni vanishi ya nje inayokinga jua, ya maji, sio ile ya mbao inayogeuka njano.

HATUA YA 7: IKISHAKAUKA

Matangazo yatakuja tu. Usiandike MARUFUKU KUBANDIKA, wanaliona kama mwaliko. Tulichukua nusu ya plaiwudi, tukaipaka, tukaipigilia ubavuni, juu tukaandika MATANGAZO HAPA, na kila mwisho wa mwezi fundi viatu anang'oa ya zamani. Dalali wa vyumba, mganga, mwalimu wa tyusheni, wote wamehamia hapo kwa hiari yao kwa sababu panasomeka. Pakitokea kaidi vijana wa boda wanamalizana naye, sihitaji kujua vipi.

Kona ya nyuma pia haikuhitaji USIKOJOE HAPA FAINI 50,000. Tuliweka taa ndogo ya sola na meza ya muuza kahawa akakubali kuhamia, basi. Mtu hawezi kukojoa mbele ya wazee wanacheza bao.

Kwa marekebisho: kila rangi iliyobaki mimina kwenye chupa ndogo ijae mpaka juu isikae na hewa, andika namba yake na imetumika wapi. Piga picha ukuta wote siku ya kwanza mkiwa na mwanga mzuri, hiyo ndo ramani yenu baadaye. Kila baada ya masika na vuli osheni kwa maji na sabuni kidogo, pindo litahitaji mkono mpya kila mwaka, mji wenyewe ukivumilia miaka mitatu minne shukuruni, ukichoka mchore kingine, wala msiufanye kaburi.

Sisi tarehe ya kuosha ni Jumapili ya kwanza ya Juni. Ila ukipita kabla ya hapo ukakuta pindo la kulia limechubuka na una dakika kumi, chupa namba 1 na namba 4 ziko kwenye sanduku la fundi viatu, brashi iko kwenye ndoo ya mama wa maandazi. Ukimaliza ioshe, anakasirika sana akiikuta na rangi.